Sahihi za Wapiga Kengele

Clifford Mallows alibandika birika la umeme juu ya jiko la gesi, akawasha moto, akavaa kofia na kwenda zake kanisani kupiga kengele. Hakuwa amelewa wala hakuwa na haraka. Alitaka akirudi akute chai, basi. Tulikuwa katikati ya kupiga tulipouona moshi kupitia dirisha la mnara, na Clifford mwenyewe ndiye aliyesema, "Jamani, kuna mjinga anaunguza nyumba yake."

Nyumba ya Clifford imeegemea ukuta wa makaburi ya kanisa. Hakuna nyumba nyingine upande ule.

Ungedhani tuliachia kamba tukatoka mbio. Wapi! Rosalind Peake ndiye mkuu wetu wa mnara, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu enzi za chaki mpaka zilipoisha. Akapaza sauti: "Hakuna kuachia! Simamisheni kwa zamu! Ya kwanza, ya pili, ya tatu!" Kweli, kengele yenye uzito wa ng'ombe huiachii tu ikijiamulia, itakunyanyua mpaka darini. Basi tukazisimamisha moja moja kwa adabu, ndogo kwanza na kubwa mwisho, huku jiko la mwenzetu likiwaka. Zimamoto walipofika kutoka mjini tulikuwa tunashuka ngazi kwa mstari.

Jiko lilipona. Birika lilikuwa limeyeyuka juu ya gesi kama jibini juu ya mkate. Clifford akalitazama sana, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Trevor, usiseme kwa mtu."

"Cliff, magari mawili ya zimamoto yamesimama mlangoni."

"Hao wameshajua. Wengine nasema."

Wiki haikupita, akaja ofisa wa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, mwanamke mwenye sauti laini na kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Nilikuwepo, kwa sababu mimi nipo kwa Clifford kila asubuhi. Tangu mke wangu Avril afariki sina mtu wa kugombana naye kwangu. Yule mama akauliza, "Bwana Mallows, tumewahi kufikiria mahali penye usalama zaidi?"

Umesikia hapo? Tumewahi. Anayehamishwa ni mmoja, lakini wanaofikiria ni wengi. Clifford akamjibu kwamba yeye amefikiria, na mahali penyewe ndipo hapa, na je, anataka biskuti? Mama akaandika. Wanaandika daima hawa.

Nitasema kwa nini roho yangu ilipaa. Avril alipopata kiharusi cha pili, mimi nilikuwa na hati ya uwakilishi, ile inayokuruhusu kumwamulia mwenzako mambo yake, halali kabisa, yenye muhuri. Tulipewa wazo hilo benki, tukajaza, tukarudi nyumbani tukijiona watu wa maana. Hospitalini wakakaa kikao, kila mtu na kikombe chake, wakaamua Avril akitoka apelekwe makao ya wazee huko pwani, mabasi mawili kutoka kwetu. Nikaitoa hati yangu mfukoni kama mtu anayetoa karata ya mwisho. Daktari kijana akaisoma, akanirudishia.

"Bwana Gathercole, hii inakupa mamlaka juu ya fedha na mali zake. Haisemi lolote juu ya matibabu wala pa kuishi."

"Kwa hiyo naweza kuuza kitanda chake, ila siwezi kusema kiwekwe wapi?"

Wakatazama vikombe vyao. Avril akafia huko, dirisha lake likitazama maegesho ya magari. Kumbe hati za namna ile ni mbili, moja ya fedha na moja ya afya, na kila moja unaitia sahihi peke yake. Nani aliniambia? Benki walisema ya kwao, wakanyamaza. Hospitali walijua ya pili, wakanyamaza. Mimi niliacha shule mapema nikaenda kuchimba mitaro ya maji. Kazi ya kunisomea vile vimaandishi vidogo ni yao, wanalipwa kwayo. Lawama hiyo siwapunguzii hata chembe.

Basi yule mama wa halmashauri alipoondoka, nikamgeukia Clifford. "Tunajaza hati. Wiki hii."

"Hati ninayo. Ile niliyokupa nilipovunjika nyonga, ukaniendea benki."

"Ile ni ya kawaida. Ile hufa siku akili yako inapokwisha."

Clifford akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Inafanya kazi nikiwa na akili timamu?"

"Naam."

"Na nikipotewa na akili, nayo inakufa?"

"Naam."

"Nikiwa na akili timamu, wewe nakuhitajia nini?"

Nikamwambia awaulize waliotunga sheria. Nikamweleza kwamba ziko mbili zinazodumu. Ya fedha inaweza kuanza kazi hata sasa, ukiruhusu mwenyewe. Ya afya inalala usingizi mpaka siku utakaposhindwa kujiamulia, ndipo inaamka. Na zote mbili lazima uzitie sahihi ukiwa bado unaelewa unachofanya. Ukichelewa, umechelewa, hakuna wa kutia sahihi badala yako, na wenye vikombe ndio watakaokaa kikao.

Daktari wake alikuwa ameshamwambia kwamba ugonjwa wa kusahau umeanza, ila bado uko mlangoni. Clifford hana mke wala mtoto. Alichonacho ni nyumba ile. Alizaliwa mle chumba cha juu, na anasema akipiga chafya kitandani kengele ya tano huitikia.

"Nataka nikae hapa," akasema. "Andika hivyo, halafu uniletee chai."

Nikampelekea habari Rosalind, na hapo jambo likatoka mikononi mwangu. Yeye ukimwambia una mafua, kesho yake kuna kamati. Jumanne ya mazoezi akaja na karatasi zote mbili, nakala za akiba, kalamu za wino mweusi, na kila mtu kishampangia kazi.

"Wawakilishi wawili, kwenye hati zote: mimi na Trevor."

"Nani kakuweka wewe?" nikauliza.

"Clifford. Nimempigia simu."

"Kweli?" Clifford akauliza.

"Kweli, Clifford."

"Basi kweli."

Akamgeukia Glenys Utting, anayepiga kengele ya pili, mwanamke mpole aliyefanya kazi kwa daktari wa mifugo mpaka magoti yakakataa. "Glenys, wewe ndiye mthibitishaji. Umemjua Clifford miaka mingi, si ndugu yake, na hutakuwa mwakilishi."

"Nithibitishe nini?"

"Kwamba anaelewa anachotia sahihi na hakuna anayemlazimisha."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuwashika mbwa wachomwe sindano, mwenzangu. Nikithibitisha, nathibitisha kwamba haumi."

"Siumi," Clifford akasema. "Meno yenyewe ya kununua."

Akabaki Desmond Larter wa kengele ya tatu, ambaye mke wake husema akimkuta amesimama bustanini humdhania mti. "Desmond, wewe shahidi. Shahidi wa mwenye hati, yaani Clifford, hawezi kuwa mwakilishi, kwa hiyo siwezi mimi wala Trevor."

"Shahidi anafanya nini?"

"Anaangalia mtu akitia sahihi. Kisha na yeye anatia."

"Hiyo kazi naiweza," Desmond akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana hamu.

Likabaki swali la mimi na Rosalind: tufanye maamuzi pamoja tu, au kila mmoja aweze na peke yake? Rosalind alitaka pamoja tu, eti ndiyo heshima. Clifford akacheka mpaka akakohoa. "Hawa wawili pamoja tu? Nitakufa miguu ikiwa baridi, wanabishania soksi. Na mmoja wao akifa je?"

Glenys akachungulia maelezo. "Mmoja akifa, hati yote imekwisha."

"Basi kila mmoja na peke yake. Kama kengele. Moja ikikatika kamba, nyingine hazinyamazi."

Tukakubaliana tutie sahihi Jumapili, mle mle mnarani, baada ya kupiga. Na hapa lazima nieleze kidogo tabia yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Mnara wetu una kengele tano, na tunasimama duara, kila mtu chini ya kamba yake. Rosalind ya kwanza, ndiyo ndogo. Glenys ya pili. Desmond ya tatu. Mimi ya nne. Clifford ya tano, ile nene, ambayo ndiyo inayofunga kila mzunguko. Kila kitu mnarani hufuata duara hilo. Chai hufuata duara. Biskuti hufuata duara, na ndiyo maana Clifford miaka yote hula zilizovunjika. Mwaka tuliosumbuliwa na tumbo sote, tuliugua kwa zamu hiyo hiyo, sikudanganyi.

Jumapili tukapiga, watu wakaingia ibadani, na sisi, kama kawaida ya wapiga kengele wa nchi hii, tukabaki juu; tunawaita wenzetu kwa Mungu halafu tunawaachia. Rosalind akatandaza karatasi kwenye meza ndogo katikati ya kamba. "Haya," akasema, akavaa miwani, akatia sahihi yake. Akapitisha kulia. Glenys akatia. Akapitisha. Desmond akatia, akakaza macho kuangalia, ingawa cha kuangalia hakikuwepo bado. Mimi nikatia. Mwisho Clifford akavuta karatasi, akapinda mgongo, akaandika jina lake polepole kwa ule mwandiko wake wa zamani wenye mikia mirefu, mara zote alizotakiwa.

"Safi kabisa!" Rosalind akasema. "Nilijua tutaweza."

Tukaenda baa tukala pai ya nguruwe. Karatasi zikaenda posta, kwa ofisi ya serikali inayozisajili, maana bila muhuri wao hazifanyi kazi.

Zikakaa huko serikalini, sijui wakizifanyia nini. Majira yakageuka. Na Clifford naye akawa anageuka, kidogo kidogo, kama chumba ambacho mtu anahamisha vitu wewe umelala. Jumanne moja alisimama chini ya kamba yake, ameishika vizuri kabisa, akaniuliza, "Trevor, hii huvutwa chini au juu?" Nikamwambia chini. Akaipiga bila kosa saa nzima. Lakini mimi nilikosea mara mbili.

Kisha bahasha ikarudi. Rosalind akaifungua mnarani mbele yetu, akasoma kimoyomoyo, kisha akavua miwani.

"Wamezikataa. Zote mbili."

"Nilisema mimi!" nikaruka. "Nilisema! Hawa wanakaa kule na joto lao na mazulia yao, mtu maskini akiwapelekea kitu wanatafuta nukta wamkomoe! Avril wangu..."

"Trevor, nyamaza nisome." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililoninyamazisha. "Wanasema wawakilishi wametia sahihi kabla ya mwenye hati. Mwenye hati hutia wa kwanza, mbele ya shahidi. Halafu mthibitishaji, baada ya kuhakikisha. Wawakilishi ndio wa mwisho. Tunatakiwa kujaza upya."

Tukatazamana. Tumesimama duara, kila mtu chini ya kamba yake.

Desmond, ambaye huwa hasemi, akasema, "Jamani. Tuliipiga kama kengele."

Clifford akaangua kicheko kilichopanda mpaka kwenye mihimili. "Kengele kubwa mwisho! Watu wazima watano! Mimi ndiye mwenye hati nikangoja zamu yangu kama biskuti!" Glenys akacheka mpaka akafuta machozi. Hata Rosalind, mwalimu, aliyekuwa amesoma maelezo yote kwa kalamu nyekundu, akajifunika uso na karatasi, mabega yakimtikisika, na hatukujua analia au anacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Clifford. Mtu yule aliyetia sahihi majira ya joto alikuwa anaelewa kila kitu. Huyu wa sasa tutamtaka atie sahihi upya, na Glenys atatakiwa kuthibitisha kwamba anaelewa. Je, kama haelewi? Wale waliorudisha karatasi walikuwa na miezi yote hiyo. Wangeweza kupiga simu siku ya pili.

Glenys naye alikuwa ameacha kucheka. "Safari hii nitafanya inavyotakiwa," akasema. "Mara ya kwanza sikumuuliza hata swali moja, nilitia tu kwa sababu karatasi imenifikia. Safari hii nakaa naye peke yake. Na asipoelewa, Trevor, sitii sahihi."

"Utamwacha wamchukue?"

"Sitasema uongo juu ya Clifford. Hata kwa ajili ya Clifford."

Tukachagua asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndipo anapokuwa yeye zaidi. Safari hii si mnarani; Rosalind alikataza kabisa. Tukaenda nyumbani kwake. Glenys akaingia naye jikoni, akafunga mlango, na sisi watatu tukabaki bustanini, karibu na mistari ya vitunguu. Rosalind alipanga kalamu juu ya ukuta kwa urefu. Desmond alisimama. Mimi nilikuwa roho juu.

Tukasikia sauti zao, maneno hatukuyasikia. Tukasikia Clifford akicheka. Kisha sauti zikakatika kabisa, na nikaanza kwenda mlangoni, Rosalind akanishika koti.

"Peke yake, Trevor. Ndiyo sheria."

"Sheria zao zimeniua mara moja."

"Basi kaa hapa ufe mara ya pili kimya kimya."

Mlango ukafunguka. Glenys akatoka akijifuta mikono kwenye sketi kama mtu aliyemaliza kumshika mnyama mkubwa.

"Anaelewa," akasema.

Nikaanza kuzikusanya kalamu pale ukutani.

"Anaelewa kila kitu. Amenieleza hati zote mbili, tofauti yake, ipi inaanza lini. Amenieleza vizuri kuliko Rosalind. Ila anaelewa sana, ndiyo tabu." Akanitazama. "Hataki uwe kwenye ile ya afya. Anataka Rosalind peke yake. Ya fedha mbaki wote wawili."

Rosalind akasema "Ala!" kisha akajutia. Desmond akatazama vitunguu.

Nikaingia jikoni bila kubisha. Clifford alikuwa amekaa mezani, nywele zimechanwa kwa maji, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Kaa," akasema.

"Sikai."

"Basi simama, lakini usisimame na uso huo, maziwa yataganda."

"Nimekukosea nini, Cliff?"

"Hujanikosea. Ndiyo maana nakwambia leo, kabla sijasahau kwamba hujanikosea."

"Mfuko wako unanipa, kitanda unaninyima! Unajua hiyo ni nini kwangu? Wewe unajua! Nimeshapewa mfuko mara moja!"

"Najua. Sasa nijibu. Nikiweka birika juu ya gesi tena, utafanya nini?"

"Nitalizima."

"Na tena?"

"Nitahamia hapa."

"Siku nisipokujua nikakurushia viatu, usiku nataka kwenda kwa mama yangu, natoka barabarani na chupi?"

"Nitafunga milango! Nitaipigilia misumari! Hawatakuchukua hapa, Cliff, wapite juu ya maiti yangu!"

Clifford akatikisa kichwa taratibu. "Unaona? Misumari. Mimi nataka kukaa hapa, Trevor, kuliko kitu chochote. Lakini itakuja siku ambayo hapa patakuwa si pazuri kwangu tena, na siku hiyo mimi sitakuwa na akili ya kusema, basi, nipelekeni. Nataka mtu wa kulisema. Rosalind atalisema. Atalia, atalisema, kisha atapanga ratiba ya watu wa kunitembelea na nani alete keki. Wewe hutalisema kamwe. Wewe hutakuwa unabishana nao kwa ajili yangu. Utakuwa unabishana nao kwa ajili ya Avril."

"Usimtaje."

"Nimeshamtaja."

Dirishani nje Rosalind alikuwa anajifanya hatazami. Nilitaka kumwambia Clifford kwamba ni ugonjwa unaosema. Lakini ugonjwa haupangi maneno hivyo. Hiyo ndiyo hila ya hizo karatasi zao: zinamtaka mzee anayesahau aonyeshe kwamba ana akili, naye anaionyesha kwa kukukata wewe. Sijui nani kule ofisini aliyeitunga, lakini nitamlaumu mpaka kaburini.

"Haya," nikasema. "Yako hiyo."

"Ndiyo. Yangu. Waite."

Wakaingia. Rosalind akatoa nakala ya akiba ya hati ya afya, safi, akaanza kuijaza upya. Akafika ukurasa fulani, akainua kichwa. "Clifford, hapa pana sehemu mbili. Kuna maagizo, hayo lazima niyafuate. Na kuna matakwa, hayo nayazingatia tu, si lazima."

"Andika kwenye matakwa. Moja: ningependa kukaa nyumbani kwangu kadiri inavyowezekana, ninaposikia kengele."

Rosalind akaandika.

"Mbili: ningependa Trevor Gathercole asikilizwe kila anapolalamika."

Kalamu ikasimama. "Asikilizwe?"

"Asikilizwe mpaka mwisho. Si lazima afuatwe."

"Clifford, hii inakwenda serikalini."

"Ndiko anakotaka ifike. Andika."

Akaandika. Na kwa kuwa sasa mimi si mwakilishi kwenye hati ile, Clifford akasema mimi ndiye nitakuwa shahidi wake. Desmond akasikitika kidogo, akapewa ya fedha kumpoza. Basi nikasimama begani kwa Clifford. Kwanza akatia sahihi mahali pale panapouliza nani aamue juu ya matibabu ya kumweka hai. Akachagua Rosalind, eti madaktari wana haraka. Kisha akatia mahali pa mwenye hati. Mikia ya herufi ilikuwa mirefu vile vile, ila ilitetemeka mwishoni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia. Nikaangalia. Sijawahi kukiangalia kitu namna ile. Nikatia sahihi yangu chini. Glenys akatia. Wa mwisho kabisa akatia Rosalind, Desmond akimshuhudia, na ungeona jinsi mwanamke aliyekuwa wa kwanza maisha yake yote alivyoshika kalamu akingoja zamu yake! Alikuwa ameiuma mpaka kifuniko kimepasuka.

Zikarudi, safari hii zina muhuri. Ile ya afya ikalala ndani ya droo ya Rosalind mwaka mzima na zaidi. Gesi tukaikata, Clifford akawekewa jiko la umeme linalojizima.

Hati iliamka majira ya machipuko. Clifford alikuwa hawezi tena kupanda ngazi ya mnara, na siku nyingine alimwita Rosalind "Mwalimu" kwa maana ya mwalimu wake mwenyewe. Yule mama wa halmashauri akarudi na kitambulisho chake. Akakaa naye, akamuuliza haya na yale, kisha akatuambia kwa sauti yake laini kwamba Bwana Mallows sasa hawezi kujiamulia mwenyewe pa kuishi, na wao wanapendekeza makao ya wazee.

Rosalind akaweka hati mezani, akainyoosha kwa viganja. "Mwenye kusema ni mimi. Na nasema bado. Anapajua chooni, anapajua kitandani, kengele zikilia anatabasamu. Mleteeni mhudumu asubuhi na jioni. Siku ikifika nitawapigia simu mimi mwenyewe, na mtanikuta nimeshafungasha masanduku yake."

Niliuma ulimi. Nilitaka aseme kamwe. Alisema bado.

Mama akasoma. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. "Sawa, Bibi Peake," akasema. "Mamlaka ni yako. Nitaandika wahudumu mara mbili kwa siku." Kumbe inawezekana! Karatasi moja, na mtu wa kitambulisho anasema sawa. Kisha akafika kwenye matakwa. Akasoma, akarudia kusoma, akainua macho.

"Trevor Gathercole ni nani?"

"Ni mimi."

"Imeandikwa hapa usikilizwe." Akatazama muhuri, akatazama saa, akaweka kalamu chini. "Basi, bwana. Nakusikiliza."

Nikavuta kiti. Clifford, ambaye asubuhi ile jina langu lilikuwa limempotea kabisa, akanikodolea macho, kisha akamwinamia yule mama.

"Vua koti, mama," akamwambia. "Huyu bwana atakukalisha sana."